Kiarabu baada ya ngazi ya kwanza: darsa la msikitini, kozi ya jioni au mwalimu wa mtandaoni?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)
Assalamu alaykum wadau, habari za jioni. Kozi ya mwanzo ya Kiarabu nimeimaliza mara mbili, sehemu mbili tofauti. Herufi nasoma, najitambulisha, nauliza bei. Nikishika gazeti la Kiarabu nakwama mstari wa kwanza, maana halina hata alama moja ya irabu fupi. Nauza manukato Kariakoo, naishi Mbagala, na jioni nilizonazo ni mbili tu kwa wiki. Mbele yangu kuna njia tatu: darsa la nahau, yaani kanuni za sentensi za Kiarabu, msikitini kwetu baada ya Magharibi, halina ada, kozi ya ngazi ya pili mjini, saa 12 hadi saa 2 usiku, au mwalimu aliyeko Cairo kwa video. Nataka kusoma na kuelewa, pia kuzungumza na wateja wa Oman na Yemen. Mliopita njia hii naomba mnishauri.

Mdau wa Lamu
Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi nimelelewa na darsa. Tulianza na Ajurumiya, matini fupi ya Ibn Ajurrum aliyefariki Fez mwaka 1323, na mpaka leo ndiyo mlango wa nahau huku pwani. Inakufundisha kwa nini neno moja leo limeishia u, kesho a, keshokutwa i. Hiyo ndiyo i'rab ya Waarabu, si irabu tunazozisema sisi kwa Kiswahili. Ukiishika, gazeti tupu unalitia alama mwenyewe kichwani. Lakini sikufichi: baada ya miaka mitatu niliweza kuichambua sentensi nzima, huyu mtenda, yule mtendwa, na bado kuzungumza kulinishinda. Ustadh anasoma, anafasiri kwa Kiswahili, sisi tunasikiliza. Ulimi haupati kazi.

Mwalimu wa jioni (Unguja)
Nafundisha watu wazima usiku, na naona wengi wanaorudia ngazi ya kwanza kama wewe. Mara nyingi si kwamba hawawezi. Darasa la ngazi ya pili huwa na watu wachache, kwa hiyo linaunganishwa na la kwanza na mwalimu anarudi kwenye salamu. Kabla ya kulipa, omba kuona wanachosoma wiki ya nne. Kama kila neno lina alama zake, hapo bado ni ngazi ya kwanza.

Halafu nikuambie jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu havitakuambia. Wewe huanzi na mikono mitupu. Chukua elimu, mwalimu, maalumu, taaluma: yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa herufi tatu, ain, lam na mim. Mwalimu ni mwenye kuelimisha, maalumu ni kilichojulikana, na umbo hilo hilo la "ma" utalikuta katika mamia ya maneno mengine. Staajabu, starehe na staarabu zina ile "sta" kwa sababu zimetoka kwenye umbo la kumi la kitenzi, istaf'ala. Wanafunzi wangu wakiliona hilo, maumbo kumi ya vitenzi hayawatishi tena. Na bila mizizi hata kamusi hutaifungua, maana kamusi nyingi za Kiarabu hupangwa kwa mizizi: maktaba huitafuti kwenye mim, unaitafuta kwenye kaf.

Ila jihadhari na maneno yaliyobadilika njiani. Kwetu tafsiri ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kwao hiyo ni tarjama, na tafsir ni ufafanuzi. Sarufi yetu ni kanuni zote za lugha, sarf yao ni maumbo ya maneno tu.

Dada wa Muscat
Kaka, hapo kwenye wateja pana jambo. Fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha darasani, wataielewa, lakini wao watakujibu kwa lahaja zao. "Sasa" kwenye kitabu ni al-an, huku kwetu utasikia al-hin, Cairo wanasema dilwakti. Kwa hiyo mwalimu wa Cairo ni mzuri kwa kufungua ulimi, ila mwambie tangu siku ya kwanza azungumze fus-ha tupu, la sivyo utarudi dukani na Kimisri. Na saa muangalie: tangu mwaka 2023 Misri wamerudisha saa za kiangazi, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba mko sawa, miezi mingine wako nyuma yenu saa moja.

Msomaji wa Mombasa
Mimi nasema usishike zote tatu. Jioni mbili ni chache. Aljazeera wana tovuti ya kufundisha Kiarabu, ina habari zilizopangwa kwa ngazi. Chukua habari moja kwa wiki, itie alama kwa penseli, kisha mpelekee ustadh akusahihishe. Mimi hilo ndilo lililonivusha.

Mwanzisha mada
Nawashukuru sana. Jana nilikwenda mjini nikaomba kuona somo la wiki ya nne, kama mwalimu wa Unguja alivyosema. Walinipa aya kuhusu bandari, haina alama hata moja. Nilisoma polepole nikakutana na safina, bidhaa, thamani, moyo ukafurahi. Kwenye "tajir" nikadhani ni mtu mwenye mali nyingi. Mwalimu akanieleza kuwa ni mfanyabiashara tu, hata akiwa na meza moja sokoni. Nimejiandikisha kwa Jumanne. Alhamisi nitakaa darsani na penseli yangu. Mdau wa Lamu, ustadh wetu ameshafika mlango wa vitenzi katika Ajurumiya. Niingie hapo hapo, au nimuombe mtu anipitishe mwanzo wake kwanza?

Mdau wa Lamu
Ingia hapo hapo. Ila mlango wa i'rab unatangulia, na bila huo vitenzi havitakukaa. Mtafute mwanafunzi wa zamani akusomeshe huo mmoja baada ya Isha, siku nne zinatosha.