Intaneti, maji, umeme: tuiachie serikali au kampuni binafsi?

NguzoTatu:
Wadau, habari za muda huu. Barabara ninayoishi imechimbwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila kampuni ya intaneti ilikuja na wachimbaji wake, ikalaza bomba lake, ikafukia na kuondoka. Ukivuka kilima, upande wa pili hakuna hata uzi mmoja wa faiba. Watoto wa shule wanapanda mwinuko jioni kutafuta mawimbi ya simu ili watume kazi zao. Jambo hili linaniumiza. Huduma ambayo siku hizi huombi kazi wala hulipi bili bila kuwa nayo, nani aishike? Tulinganishe kwa mifano, si kwa vyama.

FundiFaiba:
Mkuu, mimi naunganisha faiba, ndiyo riziki yangu. Uzi wenyewe ni kioo chembamba kama unywele, na mwanga unaopita ndani yake ndio unaobeba intaneti. Unaumenya, unaufuta kwa spiriti, unaukata sawasawa, mashine inauyeyusha na mwenzake kwa sekunde chache. Gharama kubwa haiko hapo. Iko kwenye kuchimba, vibali, kufukia na kurudishia lami. Mtaro ukishakuwa wazi, kuongeza nyuzi mia ni jambo dogo. Kwa hiyo mitaro mitatu sambamba ni fedha iliyozikwa ardhini, na wateja ndio wanaoilipa.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, waliliona hili mapema. Mwaka 1994 jiji lilianzisha kampuni yake, Stokab, ikalaza faiba na kuikodisha ikiwa tupu kwa yeyote anayetaka. Yenyewe haimuuzii mwenye nyumba intaneti. Kampuni binafsi ndizo zinazopitisha mwanga ndani ya nyuzi hizo na kugombania wateja. Kwangu huo ndio mpaka sahihi: mtaro wa umma, huduma ya ushindani.

BintiHesabu:
Fundi, la mtaro nimekubali, ila tuweke na madeni mezani. Mji wa Provo, jimbo la Utah, Marekani, ulikopa takriban dola milioni 39 kujenga faiba yake. Mtandao ukashindwa kujiendesha, na mwaka 2013 Google wakaununua kwa dola 1. Deni halikwenda na mnunuzi, wakazi waliendelea kulilipa.

Australia nao: NBN, mradi wa serikali wa mtandao wa intaneti wa nchi nzima, ulitangazwa mwaka 2009, ahadi ikiwa faiba hadi mlangoni kwa nyumba nyingi. Uchaguzi wa 2013 ukaleta serikali nyingine, nyumba nyingi zikaunganishwa kwa nyaya za shaba za simu za zamani, na baadaye ikabidi warudi kuweka faiba ileile. Mtaro unadumu miongo, serikali inadumu muhula. Kampuni binafsi ikikosea hesabu, hasara ni ya wenye hisa.

MzeeWaBomba:
Hasara ya wenye hisa? Binti yangu, nimefanya kazi za maji maisha yangu yote, hapo siwezi kunyamaza. Uingereza na Wales waliuza mashirika ya maji mwaka 1989, na serikali iliyafutia madeni kwanza. Leo yanadaiwa makumi ya mabilioni ya pauni, gawio limelipwa miaka yote hiyo, na maji taka bado yanaingia mitoni. Mteja ahamie wapi? Bomba linaloingia nyumbani ni moja. Paris waliyarudisha maji mikononi mwa jiji mwaka 2010, na mwaka uliofuata bei ikashuka kwa asilimia 8.

BintiHesabu:
Shikamoo mzee. Na Flint, Michigan, hukohuko Marekani? Mwaka 2014 mamlaka za umma zenyewe zilibadili chanzo cha maji bila dawa ya kuzuia kutu, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakatoka kwenye mabomba yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Wakazi walipeleka maji ya kahawia mikutanoni, ndani ya chupa, wakaambiwa ni salama.

MzeeWaBomba:
Marahaba. Flint inaniuma mpaka leo. Lakini tazama nani alikuwa na rungu: msimamizi aliyeteuliwa na gavana, madiwani waliochaguliwa wakiwa wamepokonywa mamlaka. Aliyekunywa yale maji hakuwa na kura juu ya aliyeyaamua.

FundiFaiba:
Kuhusu Provo, dada, ongeza jambo moja: sheria ya Utah ya mwaka 2001 iliiwekea miji vikwazo vizito vya kuuza intaneti moja kwa moja kwa wakazi. Linganisha na Chattanooga, Tennessee. Huko shirika la umeme la umma, EPB, lilihitaji faiba kwa ajili ya gridi yake, ili swichi zitenge zenyewe sehemu yenye hitilafu. Uzi uleule ukabeba intaneti, na mwaka 2010 wakatoa intaneti ya kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa eneo lao lote, hadi vijijini. Walipata pia ruzuku ya serikali kuu, takriban dola milioni 111, tusiifiche.

BintiHesabu:
Ruzuku hiyo ni kubwa, si kila mji utaipata. Ila kwa upande wa pili wa kilima cha NguzoTatu nakiri sioni kampuni itakayokwenda kwa hiari. Wateja wachache, mwamba mwingi.

NguzoTatu:
Asanteni sana. Barabara ya kilimani inatengenezwa upya karibuni. Nitakwenda kikao cha halmashauri kuomba walaze mabomba tupu kabla ya lami.

FundiFaiba:
Omba mabomba mawili, mkuu, si moja. Na uulize ramani yake itatunzwa na nani, maana nimeshachimba mara nyingi kutafuta bomba ambalo lipo lakini hakuna anayejua limepita wapi.