Tupeane uzoefu: magoti na viungo vinavyouma, bila kuishi kwa diklofenaki

Mwanzisha uzi: Wakuu, baridi ya Juni imeamsha magoti ya watu. Diklofenaki, hii dawa ya maumivu, ya kila siku inakula tumbo na figo, basi tuweke mbadala. Wekeni vipimo, siyo "changanya kiasi".

Mkandaji: Taulo kwenye maji ya moto, kamua, funika goti dakika 15 hadi 20 asubuhi. Mwenye kisukari ampe mtu mwingine apime joto, ganzi ya miguu huwaunguza bila kujua.

Shangazi K: Moto tu? Goti lililovimba ukiliongezea moto unachochea. Barafu ndani ya khanga, dakika 15. Likiwa na homa juu yake, hospitali siku hiyohiyo.

Mkandaji: Hatujapingana, shangazi. Lililokaza moto, lililovimba baridi.

Sokoni: Manjano! Nusu kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, kwenye mboga yenye mafuta. Bila mafuta inapita tu tumboni. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse vidonge vya manjano, anaweza kuvuja damu.

Fundi Goti: Hayo yote ni pembeni, dawa ni msuli wa paja. Kaa kwenye kiti kigumu, nyoosha mguu mpaka ulingane na paja, kaza, hesabu mpaka 5, shusha polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Wengi huurusha mguu kwa kasi, msuli haufanyi kazi yoyote. Maumivu yakidumu zaidi ya saa 2 baadaye, punguza idadi, usiache. Na kila kilo moja unayopunguza mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Mzee wa Kona: Na fimbo, mkono wa upande unaouma.

Fundi Goti: Hapana mzee! Mkono wa upande MZIMA. Fimbo na mguu mbovu vinatangulia pamoja. Mpini ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama na viatu.

Mzee wa Kona: Mbona wote mtaani tunashika vingine.

Fundi Goti: Ndiyo maana wote mnachechemea.

Dogo: Mnazunguka bure. Ule unga wa dawa unaouzwa kwenye mabasi, siku tatu mtu anacheza ngoma.

Nesi wa Zamu: Dogo, hapo ndipo watu wanapopotelea. Unga usio na lebo unaoondoa maumivu ndani ya siku mbili, mara nyingi umetiwa deksamethasoni, dawa kali ya steroidi. Mlaji anapata hamu ya chakula, uso unakuwa mviringo, sukari na presha vinapanda. Mwili nao unaacha kutengeneza homoni yake. Unga ukiisha ghafla: kutapika, kuishiwa nguvu, presha kuanguka. Aliyeutumia kwa wiki kadhaa asiukatishe mwenyewe, aende hospitali nao mkononi. Na vidole vya mikono yote miwili vikikaza zaidi ya saa nzima kila asubuhi, hiyo siyo ya manjano. Kinga ya mwili inakula viungo, na kuchelewa kunapinda vidole moja kwa moja.

Sokoni: Kidole gumba cha mguu kikiwaka usiku?

Nesi wa Zamu: Dalili ya jongo (gauti), asidi ya mkojo kujikusanya kwenye kiungo. Maini, supu ya utumbo, dagaa na bia, punguza. Maji kwa wingi.

Dogo: Bia iachwe nje ya uzi huu.

Shangazi K: Kupaka pilipili kichaa kwenye mafuta ya nazi, je?

Mkandaji: Inasaidia. Usifunike taulo la moto juu yake, utababuka. Nawa kwa mafuta kwanza halafu sabuni, maji matupu hayaitoi. Na unawe KABLA ya kwenda chooni.