Tupeane uzoefu: mwandishi wa mtaani kwenu anaishi kwa kazi gani?

Karani wa Stoo: Wakuu, salaam. Shaaban Robert tunamsoma shuleni kama jina kubwa, lakini mchana alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, miaka mingi akiwa forodhani. Mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu alivua samaki na kusafiri na majahazi. Mimi nahesabu mifuko ya saruji, hadithi naziandika kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Nataka za kwenu: waandishi mnaowajua, au nyie wenyewe, mnaandika saa ngapi na ugali unatoka wapi? Habari za "kipaji ni zawadi ya Mungu" tuziache, tunazijua.

Mdigo wa Chumbageni: Babu mzaa mama alikuwa fundi cherehani, Tanga mjini. Shairi lilimjia akishona, naye hakuwa mtu wa kusimamisha kazi ya mteja, hasa Idi ikikaribia. Basi akawa anakariri kwa sauti, mizani anaihesabu kwa mguu pale pale kwenye cherehani. Ubeti ukitimia ndipo anauandika kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia. Jioni sisi wajukuu tunanakili kwenye daftari kabla bibi hajapangusa. Hii nimeishika mpaka leo:

Cherehani nakanyaga, hadi mguu wachoka,
Beti kichwani nafuga, zisije zikatoroka.

Kuna waliokuja na kitambaa cha suruali wakaondoka na shairi la kuposea. La posa alilipisha. La msiba, hapana.

Mwalimu wa Kilifi: Fundi kanichekesha, maana mimi mizani naihesabu nikisimamia mtihani. Natuma mashairi gazeti la Taifa Leo kwa lakabu. Pesa hakuna, raha yake ni mtu wa Busia usiyemjua akikujibu kwa vina vile vile, tena akikukosoa. Na mnaosema hamna nafasi: mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo humo gerezani, kwenye karatasi za chooni. Sisemi tufungwe, jamani.

Mama Chipsi Dom: Mwalimu, wewe una likizo. Mimi naandika alfajiri kabla ya kumenya viazi. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu mpaka mwanangu akamaliza darasa la saba. Ndiyo hakusema, hapana hakusema. Nikaenda steshenari, nikachapisha kwa hela yangu, vitabu nikavipanga kwenye kabati la chipsi. Vinatoka, vingine na madoa ya mafuta. Wanachuo ndio wanaonunua. Watu wazima wanasoma kurasa mbili wakisubiri mayai yaive, wanarudisha.

Binti wa Ng'ambo: Mamangu hutunga nyimbo za taarab, hapa Unguja. Mwimbaji huja magharibi, hueleza nani kamkera, mama husikiliza tu. Kesho wimbo upo. Hulipwa doti ya kanga, siku nyengine bahasha. Wimbo ukivuma, sifa ni za mwimbaji.

Karani wa Stoo: Dada, mpeleke COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, akasajili kazi zake.

Binti wa Ng'ambo: Nimeshamwambia. Kasema ipite kwanza harusi ya mjukuu wake, sasa hivi ana nyimbo za watu hajazimaliza.