Naomba ushauri: kuchuja intaneti kwenye kompyuta ya watoto nyumbani

Ndugu zangu, ninaishi Mikindani, Mtwara, na nyumbani tuna kompyuta moja ya Windows 11 ambayo binti yangu wa miaka 11 na kaka yake wa miaka 14 huitumia kwa masomo. Juzi jioni nilimkuta binti amekaa kimya, mkono ungali juu ya kipanya, mbele ya picha za utupu zilizojitokeza alipokuwa akitafuta mchoro wa moyo kwa ajili ya somo la sayansi. Iliniuma sana.

Nimekwisha kumfungulia kila mtoto akaunti yake katika Microsoft Family Safety (huduma ya wazazi kusimamia matumizi ya kompyuta ya watoto), lakini uchujaji wake wa tovuti hutegemea kivinjari cha Edge, nao wamezoea Chrome. Nimeweka pia DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao) ya kampuni ya Cloudflare, 1.1.1.3, ambayo huzuia tovuti za ngono, ila niliiweka kwenye ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), na kijana akiunganisha kompyuta na hotspoti ya simu ya mama yake, kinga hiyo haimfuati.

Je, niiweke DNS ndani ya kompyuta yenyewe na kuwaondolea watoto uwezo wa kubadilisha mipangilio, au kuna njia madhubuti zaidi? Msimu wa korosho unakaribia, nasi wazazi tutashinda shambani.