Naomba ushauri: mtoto aandikwe Dario, Darius au Dariush?

Ndugu zangu, mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, nasi tumelipenda jina la Dario, kama lilivyo katika Biblia ya Kiswahili. Katika Kiajemi cha kale lilikuwa Dārayavauš, lililoungwa kwa maneno ya "kushika" na "wema", yaani anayeushika wema imara. Dario wa Kwanza, mfalme wa Uajemi (Irani ya leo) aliyetawala mwaka 522 hadi 486 KK, aliamuru lichongwe kwenye jabali la Behistun, hukohuko Uajemi, kwa lugha tatu, na maandishi yenyewe yanaanza: "Mimi ni Dario." Darius ni umbo la Kilatini lililopitia Kigiriki, ilhali Wairani wa leo husema Dariush. Bibi yake ameshazoea kumwita Dario kila anapomwogesha. Je, kwenye cheti cha kuzaliwa tuandike lipi?