IST inagoma kuwaka ikipata joto, ikipoa inawaka: ni pampu ya mafuta au kuna kingine?

Dereva wa Kimara

Wakuu habari za muda huu. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, gari ya kazi nabeba abiria kutwa nzima kwahiyo ikisimama na mimi nimesimama. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, stata ikigusa tu imeshika. Shida inaanza mchana, jua limewaka, nimetoka kwenye foleni ya Mandela, nikizima kidogo kumsubiri abiria nikirudi kuwasha haiwaki. Stata inazunguka kwa nguvu, betri haina tatizo, ila injini haishiki. Nikiiacha kama dakika ishirini hivi inawaka kama hakuna kilichotokea. Juzi ikaanza na jipya, imenizimikia naendesha pale Buguruni, haikumisi wala nini, imekata moto tu kama mtu kazima swichi.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba wiki inaweza ikapita haijafanya, na nikiipeleka gereji kila wakijaribu inawaka. Fundi wa kwanza kasema pampu ya mafuta, wa pili kasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na hela aliyotaja inatisha. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka. Sitaki kununua kitu kwa kubahatisha, mwenye uelewa anielekeze naanzia wapi.

Mtoto wa Ilala

Pampu hiyo mkuu, badilisha ulale. Na kama unatembelea taa ya mafuta kila siku acha. Au umeuziwa petroli iliyochakachuliwa, nayo iangalie.

Fundi Umeme Sinza

Mkuu pole. Inaweza ikawa pampu kweli, lakini ukinunua leo kwa dalili hizo tu unacheza bahati nasibu maana kuna vitu kama vitatu vinaleta dalili hizo hizo: pampu yenyewe, rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) na waya zake, na sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini). Vyote vitatu vikipata joto vinaweza kukata na vikipoa vinarudi.

Sasa gari ya namna hii haipimwi ikiwa nzima. Fundi akikupimia asubuhi gereji atakuta kila kitu kipo sawa, sio kwamba hajui kazi, ugonjwa wenyewe haupo muda huo. Kwahiyo wewe ndio utapima, palepale ilipogomea, kabla haijapoa. Tafuta mtu mmoja wa kukusaidia. Yeye apige stata, wewe fungua kifuniko cha tanki uweke sikio pale, pampu nzima utaisikia inavuma. Usitegemee kuisikia kwa kufungua swichi tu, Toyota nyingi za umri huo pampu inaamka stata ikianza kuzunguka. Wakati huohuo aangalie mshale wa mizunguko kwenye dashibodi kama unanyanyuka kidogo au umelala kabisa. Ukilala kabisa shuku sensa ya krenki kwanza, kontrol boksi isipopata taarifa kwamba injini inazunguka haitoi moto wala haiiruhusu pampu.

Halafu beba spreya ya kusafishia kabureta. Ikigoma, puliza kidogo kwenye mdomo wa hewa, rudishia bomba, piga stata. Ikishika sekunde mbili ikazima, moto wa plagi upo, kinachokosekana ni mafuta. Isiposhika kabisa usiyalaumu mafuta bado. Na tafadhali usimwage petroli ya kwenye chupa pale juu, nimeona gari ikiungua kwa mchezo huo.

Suala la kuchakachua, petroli yenye mafuta ya taa ingekusumbua zaidi asubuhi injini ikiwa ya baridi na gari ingekosa nguvu muda wote, isingepona kwa kupumzika kivulini.

Mzee wa 504

Kijana, enzi zetu gari ikifanya hivyo tulikuwa tunajua mafuta yamechemka kwenye bomba. Unalowesha kitambaa maji unafunika pampu, unasubiri, unaondoka. Jaribu.

Fundi Umeme Sinza

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa kwa zile za kabureta, pampu ilikuwa imefungwa kwenye injini palepale penye joto na inavuta mafuta kutoka mbali. Hii ya kijana pampu ipo ndani ya tanki na inasukuma kwa presha ya bar 3 na kitu mpaka kwenye nozeli, mafuta yenye presha hiyo hayachemki kirahisi. Kitambaa hapa hakina pa kuwekwa.

Mama Tabata

Mimi yangu ya injini hiyohiyo ilikuwa inazima barabarani namna hii, ikaja kuwa sensa ya krenki. Kaka hata kama taa haijawaka nenda kapime kwa kompyuta, wakati mwingine kosa linakuwa limehifadhiwa taa haijawashwa. Langu lilitoka P0335. Likitoka hilo hangaika na sensa na waya wake, tanki liache.

Dereva wa Kimara

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimepima kwa kompyuta, haina kosa lolote. Leo mchana ikagoma Ubungo na spreya ninayo. Mshale unanyanyuka. Nimepuliza, imeshika kidogo ikazima, nikarudia hivyohivyo. Kwenye tanki kimya kabisa. Ila kuna jamaa wa bodaboda akanambia gonga tanki kwa chini, nikagonga kwa kisigino cha kiatu huku yeye anapiga stata, ikawaka papo hapo!! Hapo ndio pampu?

Fundi Umeme Sinza

Safi sana, umefanya kazi ambayo gereji wasingeweza. Hapo mafuta ndio hayaji, hilo limeisha, krenki tuitoe. Kugonga ikawaka kunaelekea sana kwenye pampu, kaboni zake (zinazopeleka umeme kwenye mota yake) zikiisha inakwama sehemu moja, ukiitingisha zinagusa tena. Lakini soketi iliyolegea juu ya tanki nayo ukiitingisha inashika, kwahiyo bado kipimo kimoja kabla ya kutoa hela.

Inua kiti cha nyuma, chini yake kuna mfuniko, utaikuta soketi ya pampu. Mwambie fundi aandae waya mbili za kutolea umeme hapo, ikigoma tena aunganishe testa ya balbu huku stata inapigwa. Nasema balbu, sio mita. Waya uliooza ndani ukibaki na nyuzi mbili mita itakuonyesha 12 safi lakini ukiupa mzigo haubebi, balbu itafifia na utaujua uongo wake. Upande wa ethi (waya hasi) nao upimwe hivyohivyo. Balbu ikiwaka vizuri na pampu kimya, kanunue pampu. Balbu isipowaka au ikififia rudi kwenye soketi, fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei ya pampu, Toyota wanaiandika C/OPN, na rilei ni bei ndogo tu ukilinganisha na pampu.

Dereva wa Kimara

Balbu imewaka vizuri sana, pampu kimya. Naenda Kariakoo kesho. Nichukue mpya ya bei rahisi au orijino ya mtumba?

Fundi Umeme Sinza

Zile za bei ya kutupa usiziguse, kwa gari ya kazi utarudi palepale. Mtumba nzuri ipo ila hujui imeshatembea kiasi gani, ukiweza nunua mpya ya kampuni inayoeleweka na uwapimishe dukani sekunde moja tu inazunguka, isikae ikizunguka kavu. Nunua pamoja na kichujio cha chini na oringi, usirudishie vya zamani. Kabla ya kufungua chomoa rilei ya pampu gari ikiwa inanguruma mpaka izime yenyewe, presha itaisha, kisha mtoe waya hasi wa betri, milango yote wazi, na asisogee mtu na sigara. Mkiwa hapo mulikeni ndani ya tanki, mkiona tope au maji chini lisafishwe siku hiyohiyo maana pampu mpya itayavuta. Na kuanzia hapo usishuke chini ya robo tanki, petroli ndio inayoipoza pampu.

Mtoto wa Ilala

Kontrol boksi yule fundi wa pili alikuwa anaitoa wapi sasa?

Fundi Umeme Sinza

Ndio maana nikasema apime mwenye gari, tena palepale ilipogoma.