Tupeane uzoefu: sheria ya wanyamapori inapofika mahakamani

Ndugu zangu, tunapozungumzia ulinzi wa wanyamapori kisheria, wengi hutazama kwanza ukali wa adhabu. Mimi naamini kifungo cha miaka mingi hakimlindi mnyama yeyote iwapo shauri haliwezi kusimama mbele ya hakimu, na ndiyo maana naomba waliowahi kushughulikia mashauri haya watueleze waliyokutana nayo.

Naanza na langu. Nikiwa mwendesha mashtaka, niliendesha shauri la mtu aliyekamatwa na magunia ya magamba ya kakakuona. Askari walitoa ushahidi ulionyooka, na mtaalamu aliyatambua magamba bila kusita. Hata hivyo, hati za makabidhiano hazikuonyesha ni nani aliyeyatunza magunia hayo tangu yalipotoka kituoni hadi yalipopokelewa ghalani. Wakili wa utetezi akauliza mahakama itajuaje kwamba yaliyo mezani ndiyo yaliyokamatwa. Mshtakiwa aliachiwa huru. Niliumia sana, lakini hakimu hakuwa na njia nyingine, kwa kuwa mlolongo wa utunzaji wa vielelezo humlinda pia asiye na hatia aliyebambikiwa nyara.

Mchangiaji, afisa forodha:
Kwetu ugumu ulikuwa kutambua spishi. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya spishi zilizo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, kakakuona walikuwa katika Kiambatisho cha II, kinachoruhusu biashara yenye kibali, ingawa wale wa Asia walikuwa wamewekewa kiwango cha sifuri, yaani hawakuruhusiwa kuuzwa nje kibiashara. Kwa hiyo mwenye mzigo alidai magamba yake ni ya spishi za Afrika, nasi tukasubiri majibu ya vinasaba kutoka maabara. Mwaka 2016, mkutano wa Johannesburg uliamua spishi zote nane zihamie Kiambatisho cha I, ambacho hukataza biashara ya kimataifa, na ubishi ule ukaisha. Ikumbukwe tu kwamba mkataba huo hugusa kinachovuka mpaka. Anayeuza ndani ya nchi hushtakiwa kwa sheria ya nchi yenyewe.

Mchangiaji, wakili:
Sisi tulikwama kabla hata ya kufikia ushahidi. Tulipinga barabara iliyokusudiwa kukata ushoroba wa wanyama, yaani njia wanayopita kutoka eneo moja hadi jingine, shauri likatupwa kwa hoja kwamba hakuna miongoni mwetu aliyeonyesha madhara yanayompata yeye binafsi. Kikwazo hiki ni cha zamani: mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja ya Sierra Club, shirika la kutetea mazingira, kwa msingi huo huo, ingawa Jaji William Douglas, aliyetofautiana na wenzake, alitaka mito na mabonde yenyewe yawe na haki ya kushtaki. Tulifungua shauri upya pamoja na wafugaji wanaoitumia ardhi hiyo, na safari hii mahakama ilikubali kutusikiliza.